Riwaya Zinazodai Kurudiwa

Msomaji anayezirejea riwaya mashuhuri za Kiswahili za nusu ya pili ya karne ya 20 hutambua kwamba zinazodumu akilini ni zile ambazo mwandishi wake amemwamini msomaji kiasi cha kumwachia jambo la kulitafakari mwenyewe.

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951 Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, ni istiara, yaani hadithi inayosimulia jambo moja huku ikikusudia jingine. Humo Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, anajitetea kwa kueleza yaliyowapata wajumbe sita walioleta hekima nchini wakalipwa kifungo. Hotuba zake ni ndefu mno, na wahusika ni sifa zilizopewa majina kuliko watu wenye damu, lakini ujasiri wake unastahili heshima kubwa. Kuli ya Adam Shafi, kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948, ina nguvu zaidi pale inapoonyesha kazi yenyewe kuliko pale inapofundisha siasa.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, inafuata uhalisia, yaani uandishi unaoyachora maisha kama yanavyoonekana. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na ukali huo ndio unaomfanya binti aufikie ujana akiwa hajui hatari wala mipaka. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, uamuzi wa kusikitisha, kwa kuwa waliokihitaji zaidi ni wasichana wa umri wa Rosa pamoja na baba zao. Mwandishi hamlaani Rosa wala hamtetei, na kunyamaza huko ndiko kunakoumiza.

Mwandishi huyohuyo alipotoa Nagona mwaka 1990, wengi waliompenda kwa Rosa walipotea njia, kwani kitabu hicho chembamba hakina kisa kinachonyooka, bali kina safari ya kutafuta maana katika mahali palipojaa ukimya, huku wanafalsafa wa kale na wa karibuni wakijitokeza njiani. Usomaji wa kwanza huchosha, na hakuna haja ya kulificha hilo. Ufunguo mmoja umo katika utangulizi wa diwani yake Kichomi, ya 1974, ambao ni insha kamili kwa haki yake: humo anatetea ushairi usiofungwa na vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo, wala na mizani, yaani hesabu ya silabi zote katika kila mshororo. Anayeisoma insha hiyo kisha akairudia Nagona ataona kwamba uhuru alioudai kwa ajili ya shairi ndio aliokuja kuupa riwaya, miaka 16 baadaye.