Ngozi ya Mtoto Mchanga Kati ya Jua na Mbu

Ngozi ya mtoto mchanga, ingawa huonekana laini na timamu tangu siku ya kuzaliwa, ni kiungo ambacho bado kinajijenga, na tabaka lake la juu kabisa, lile la seli zilizokufa ambalo kazi yake ni kuzuia maji ya mwilini yasipotee na kemikali za nje zisipenye, ni jembamba kwa takriban asilimia 30 kuliko la mtu mzima. Jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalifikirii ni kwamba ukubwa wa ngozi ya mtoto ukilinganishwa na uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa mama yake, kwa hiyo chochote apakwacho mwili mzima, iwe mafuta, losheni au dawa, humwingia kwa kiasi kikubwa zaidi kwa kila kilo ya mwili.

Katika Afrika Mashariki imeenea imani kwamba mtoto mweusi hahitaji kukingwa na jua, na imani hiyo ina ukweli nusu. Melanini, yaani rangi asilia inayotengenezwa na seli za ngozi, hufyonza miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini yenye nguvu ya kuunguza, na ngozi nyeusi ya mtu mzima imekadiriwa kutoa kinga inayokaribia ile ya losheni ya jua ya kipimo cha kinga (SPF) cha 13, ilhali ngozi nyeupe hutoa kinga ya kipimo cha 3 hivi. Lakini mtoto hazaliwi na rangi yake yote. Huzaliwa akiwa mweupe kuliko atakavyokuwa, ndiyo maana bibi humtazama masikio na pembeni mwa kucha ili kukisia rangi yake ya baadaye, na katika miezi hiyo ya kwanza kinga anayodhaniwa kuwa nayo haijakamilika.

Jua lenyewe nalo ni kali kuliko joto linavyoonyesha. Shirika la Afya Duniani hupima mionzi ya urujuanimno kwa kipimo ambacho 11 na zaidi ni hatari kupindukia, na maeneo ya karibu na ikweta hufikia kiwango hicho mara kwa mara wakati wa adhuhuri. Mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na mawingu mepesi hupitisha sehemu yake kubwa, kwa hiyo mtoto wa Njombe au Limuru, anayetembezwa mchana kwa kuwa hewa ni ya baridi na mama hahisi kuungua, anaweza kupata mionzi mingi kuliko mwenzake wa Bagamoyo ambaye joto limemlazimisha kubaki barazani. Kipimo kisichohitaji chombo ni kivuli cha mtoto mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, kama kinavyokuwa kwa saa nyingi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, hapaswi kukaa juani.

Mtoto wa chini ya miezi 6 kwa kawaida hapakwi losheni ya jua; hufichwa. Anayebebwa mgongoni kwa mbeleko hubaki wazi sehemu tatu, yaani utosi, shavu lisiloegemea mgongo wa mama, na miguu, na hizo hukingwa na mwavuli, kofia ya pama na soksi nyepesi za pamba, si blanketi zito linalomfunika gubigubi, kwa maana mtoto hupoza mwili wake kwa shida, na aliyefungwa sana hutoka harara, yaani vipele vya joto, au hupatwa na joto la hatari kabla mama hajatambua. Baada ya umri huo losheni ya kipimo cha 30 au zaidi, hasa yenye madini ya zinki ambayo hubaki juu ya ngozi, hupakwa sehemu zisizofunikika na kurudiwa kila baada ya saa 2. Kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye mwili wake hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa, losheni si nyongeza bali ni dawa ya kila siku, na ni kwa ajili ya watu kama yeye losheni iitwayo Kilisun ilianza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC.

Kwa upande wa wadudu, kosa la kawaida ni kudhani kwamba mbu ni adui wa usiku tu. Anofelesi, aenezaye malaria, huuma zaidi usiku, lakini Aedesi, aenezaye homa ya dengue ambayo imeikumba Dar es Salaam zaidi ya mara moja, huuma mchana, saa ambazo mtoto amelazwa mkekani bila chandarua. Chandarua kidogo cha mwavuli kwa usingizi wa mchana ni kinga bora kuliko dawa yoyote ya kupaka, na kile cha kitandani chenye dawa, ambayo ni ya jamii iliyoigwa kutoka kemikali za ua la pareto linalolimwa nyanda za juu za Tanzania na Kenya, hufanya kazi vizuri pale tu kinapochomekwa chini ya godoro.

Dawa za kupaka za kufukuza mbu zina nafasi yake, ingawa si ya kwanza. Mojawapo, DEET, iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, haifai kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na baada ya hapo isizidi asilimia 30. Mama huimimina kwanza viganjani mwake, kisha humpaka mtoto sehemu zilizo wazi, akiruka mikono ambayo itaingia mdomoni, macho na michubuko, na huiosha kwa sabuni warudipo ndani. Kivumbasi kina harufu ambayo mbu huikimbia kwa muda, lakini majani yaliyopondwa hayana kipimo, na ni afadhali yaning'inizwe dirishani kuliko kusuguliwa kwenye ngozi ya mtoto. Bidhaa zinazochanganya losheni ya jua na dawa ya mbu hazifai kununuliwa hata zikiwa za bei nafuu, kwa sababu losheni hurudiwa kila mara na dawa haitakiwi kurudiwa hivyo. Anayehitaji vyote viwili apakwe losheni kwanza, ikauke, ndipo dawa ifuate.

Wapo pia wadudu wasiozuilika kwa mafuta. Yule mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, maarufu kama nzi wa Nairobi, haumi, bali akipondwa hutoa sumu inayobabua ngozi, hivyo hupulizwa badala ya kupigwa. Yuko pia nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, ambaye funza wake hupenya ngozini na kufanya jipu. Nepi zianikwe kambani juani na zipigwe pasi pande zote mbili.

Mtoto aliyekwisha kuumwa na wadudu akatwe kucha na aoshwe kwa sabuni, kwa kuwa vidonda vya kujikuna huingiza vijidudu. Akipata homa, hata kama alama za mbu hazionekani, apelekwe kituo cha afya ndani ya saa 24 akapimwe malaria.