Wagika, Wagalu na Shuka Ambalo Halijafumwa Simiyu

Pamba ya Kanda ya Ziwa hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na dirisha hilo la mwezi mmoja halimsubiri mtu. Shamba lazima litifuliwe, matuta yainuliwe na mbegu ziingie ardhini. Zamani, kabla jembe la kukokotwa na ng'ombe halijaenea, kazi yote hiyo ilifanywa kwa mikono. Huko Binza, Ntuzu, Itilima na kwingineko katika Mkoa wa Simiyu wa leo, Wasukuma waliipatia njia ya kuifanya haraka bila kuichukia: waliigeuza kuwa mashindano.

Vijana walijipanga mstari mmoja, ngoma zikiwa nyuma yao. Ningi, yaani mwimbaji kiongozi, alianzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na majembe yakapanda na kushuka kwa pigo moja. Kipande cha jirani kililimwa na kikundi kingine chenye ngoma na ningi wake. Hakuna aliyetaka kuonekana amebaki nyuma huku wasichana na wazee wa kijiji wakitazama. Mwenye shamba alilipa kwa chakula, pombe au mifugo, na kikundi kilichojiwekea akiba kiliweza kuchinja ng'ombe msimu ulipokwisha. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha na kuzungusha majembe hewani, imetokana na kilimo hicho cha pamoja.

Nyuma ya ushindani huo kuna jamii mbili kubwa za ngoma: Wagika na Wagalu. Masimulizi ya Usukumani yanazihusisha na wapinzani wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ustadi wa ngoma na nguvu za dawa. Vikundi vingi vya Usukumani vimejiweka upande mmoja au mwingine. Kanuni ya pambano ni rahisi, nayo ni kali. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja kwenye eneo lake. Watazamaji wako huru kuhama. Kinachobaki na umati mkubwa ndicho mshindi. Kwa hiyo kila kikundi hubuni nyimbo mpya, mavazi mapya na mbinu ambazo mpinzani hazitarajii, na hata nyoka na fisi huletwa uwanjani.

Jembe la ng'ombe lilipochukua nafasi ya mstari wa vijana, mashindano yalihamia zaidi uwanjani. Huko Bujora, karibu na Kisesa nje ya Mwanza, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alizikaribisha ngoma za Wasukuma kanisani kuanzia miaka ya 1950, na hadi leo sherehe ya Bulabo hukutanisha vikundi kila mwaka mwezi wa Juni au karibu yake. Bugobogobo haikufa, kwa sababu ilibaki na mpinzani wa kuishinda.

Nchi za wafuga kondoo wa sufu nazo zimegeuza kazi ya nyuzi na nguo kuwa mashindano.

Kisa maarufu ni cha Newbury, Uingereza, tarehe 25 Juni 1811. Sir John Throckmorton aliweka dau la sarafu za gini 1,000 kwamba koti lake la jioni lingeweza kutengenezwa kwa sufu ambayo alfajiri ya siku hiyo ilikuwa bado mgongoni mwa kondoo. Mwenye kiwanda, John Coxeter, aliongoza kazi. Saa 11 alfajiri kondoo wawili walinyolewa. Sufu ilichanwa, ikasokotwa, ikafumwa, kitambaa kikatiwa rangi, kikakaushwa na kukabidhiwa mafundi cherehani. Saa 12:20 jioni koti lilikuwa tayari, baada ya saa 13 na dakika 20. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika, nyama ya kondoo ikachomwa na bia ikamiminwa, kama ambavyo mwenye shamba wa Usukumani angewatendea waliomlimia.

Mashindano ya leo hayahitaji kiwanda. Katika maonyesho ya kilimo ya Marekani, kama yale ya Maryland na Pennsylvania, timu ya kawaida ina mnyoaji mmoja, wasokotaji watatu na mfumaji mmoja. Wanaanza na kondoo aliye hai na kumaliza na shali, ndani ya saa chache. Mtande, yaani nyuzi za urefu, huwa umeshatandikwa kwenye mashine ya kufumia ya mkono. Kinachosokotwa siku hiyo ni mshindio, nyuzi zinazopita katikati. Waamuzi hawatazami saa peke yake. Hukagua sufu, ulaini wa uzi, usawa wa ufumaji na namna wanatimu wanavyosaidiana. Kuna pia shindano la kimataifa la sweta, lenye mnyoaji mmoja na watu saba wa kusokota na kufuma. Timu ya Merriwa ya Australia ilimaliza sweta zima mwaka 2004 kwa saa 4, dakika 51 na sekunde 14.

Uwiano wa wasokotaji watatu kwa mfumaji mmoja unaeleza siri ya kazi yenyewe. Kusokota ndiko kunakokwamisha kila kitu. Mfumaji hodari humaliza uzi upesi kuliko msokotaji mmoja anavyoweza kumletea, na ndiyo maana Uingereza ya karne ya 18 ilitafuta kwa pupa mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja, hadi James Hargreaves akaibuni ya kwake katika miaka ya 1760.

Kondoo wa Simiyu hawafai kwa mchezo huu. Wengi wana nywele fupi, si sufu, na hufugwa kwa nyama na mafuta ya mkia. Nyuzi za Simiyu ziko shambani. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Mkulima huchuma, hutenga pamba safi na fifi, hupeleka kwenye chama cha ushirika, na kutoka hapo pamba huenda kiwandani kuchambuliwa. Kama theluthi moja ya uzito huwa nyuzi, na sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu za kukamuliwa mafuta. Kisha sehemu kubwa ya nyuzi za Tanzania huuzwa nje zikiwa ghafi. Kijana anaweza kukulia Simiyu katikati ya pamba asione hata siku moja mtu akiisokota.

Haikuwa hivyo kila mahali katika nchi hii. Wachimbaji wa mambo ya kale huko Kilwa wamefukua vigurudumu vya kusokotea vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857, aliwakuta watu wakifuma pamba, na Wafipa wa Rukwa walijulikana kwa mashuka yao mazito ya kufumwa kwa mkono. Merikani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts, kilifika kwa bei nafuu ambayo mfumaji wa kijijini hakuweza kushindana nayo.

Simiyu ina kila sababu ya kuurudisha ujuzi huo kwa mtindo wake yenyewe, yaani kwa timu na ngoma. Uwanja upo: Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, palipofanyika maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018 na 2019. Msimu unafaa, maana Agosti pamba mpya iko ghalani. Wapinzani wapo tangu karne ya 19.

Kanuni zingehitaji kurekebishwa, kwa sababu pamba ni ngumu kuliko sufu. Nyuzi za sufu huwa na urefu wa sentimita kadhaa na mikunjo yake huzishikamanisha; za pamba ni kama sentimita tatu tu, na hukatika mkono ukitetereka. Kutoa mbegu kwa vidole kunaweza kula siku nzima kwa nusu kilo ya nyuzi. Kwa hiyo kila timu ingepewa kifaa kidogo cha rola mbili za kubana pamba na kutoa mbegu, kama ambacho Wahindi wamekitumia kwa karne nyingi. Wachambuaji wangekuwa wawili, wasokotaji watano au sita, mfumaji mmoja, na mtande ungetandikwa siku iliyotangulia. Kipimo cha kuanzia kisiwe shuka zima bali kitambaa cha upana wa mkono mmoja. Wagika upande huu, Wagalu upande ule, kila timu na ningi wake, na watazamaji wakiruhusiwa kuhama wapendavyo hadi mfumaji wa mwisho anyanyuke.