Kigeuzi Sauti cha Nje: Je, Kitaboresha Muziki wa Kompyuta Yako?

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki mijini, na kwa wauzaji wa mtandaoni wanaotuma mizigo kwa mabasi, kimeenea kifaa kidogo kinachoitwa kigeuzi sauti cha nje. Kifaa hiki huchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha spika au vipokea sauti vya masikioni huchomekwa kwenye kifaa hicho badala ya kwenye kompyuta yenyewe. Bei zake hutofautiana mno: vipo vinavyouzwa kwa maelfu machache ya shilingi, na vipo vinavyofikia mamilioni. Ahadi ya wauzaji, hata hivyo, ni moja: muziki utasikika safi zaidi, mzito zaidi na wenye uhai zaidi.

Kwa mlaji wa milima ya Usambara, kuanzia Lushoto upande wa magharibi hadi Zirai na Amani upande wa mashariki, ahadi hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza ni bei ya kifaa, ambayo huenda ikameza sehemu kubwa ya fedha za mauzo ya iliki au mboga. Ya pili ni nauli, kwa sababu kifaa kilichonunuliwa Tanga na kuonekana hakifai baada ya kufika nyumbani hakirudishwi dukani bila safari nyingine. Makala hii inaeleza kazi ya kigeuzi, mahali kinaposaidia, mahali kisiposaidia, na namna ya kukijaribu kabla ya kulipa.

Kigeuzi hufanya kazi gani?

Muziki uliohifadhiwa ndani ya kompyuta ni mfululizo wa tarakimu. Spika haziwezi kuzitumia tarakimu hizo moja kwa moja. Zinahitaji umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata mawimbi ya sauti. Kigeuzi ndicho kinachobadili tarakimu kuwa umeme wa namna hiyo.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni kwamba kila kompyuta yenye tundu la vipokea sauti tayari ina kigeuzi ndani yake. Kwa hiyo mlaji hanunui kitu asichokuwa nacho kabisa. Ananunua kigeuzi cha pili. Swali analopaswa kujiuliza ni hili: je, cha pili kinakizidi cha kwanza kwa kiasi ambacho sikio linaweza kukitambua?

Tarakimu za kwenye boksi zina maana gani?

Diski za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kanuni ya hisabati inaonyesha kwamba vipimo hivyo vinatosha kuhifadhi kila sauti yenye mitetemo isiyofikia 22,050 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyoongezeka. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Chumba cha kawaida, chenye watu, kuku uani na mvua juu ya bati, hakina utulivu wa kutosha kuitumia nafasi hiyo yote.

Kwenye maboksi ya vigeuzi vya nje mlaji atakuta tarakimu kubwa zaidi, kama vile biti 24 au 32, na vipimo 192,000 au zaidi kwa sekunde. Tarakimu hizo huenda zikawa za kweli, lakini hazithibitishi kwamba sikio litapata faida. Mwaka 2007, jarida la jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa sauti lilichapisha jaribio la Wamarekani E. Brad Meyer na David R. Moran. Wasikilizaji walisikilizishwa muziki wa kiwango cha juu kuliko CD, kisha muziki uleule ukiwa umepitishwa katika kigeuzi cha kiwango cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani takriban nusu. Ni matokeo yaleyale ambayo mtu angeyapata kwa kurusha sarafu.

Funzo lake ni kwamba ukubwa wa tarakimu peke yake si sababu ya kulipa zaidi. Hata hivyo jaribio hilo lilitumia mitambo mizuri. Halisemi lolote kuhusu kompyuta iliyochakaa au yenye tundu bovu, na hapo ndipo kigeuzi cha nje kinaweza kuwa na faida ya kweli.

Mahali kinaposaidia

Kwanza, pale tundu la kompyuta linapokuwa limelegea, limeshika kutu au limekufa. Unyevu wa milimani huharibu viunganishi vya chuma haraka. Ikiwa sauti inakatika au inatoka upande mmoja, jaribu kwanza waya mwingine, kisha mpe fundi alisafishe tundu. Tundu likishindikana, kigeuzi cha bei ndogo kinachochomekwa kwenye USB ni tiba halali, na kwa kawaida ni rahisi kuliko kubadilisha bodi ya kompyuta.

Pili, pale kelele za ndani ya kompyuta zinapoingia kwenye muziki. Kigeuzi cha ndani kinakaa jirani na sehemu nyingine zenye umeme unaobadilika kwa kasi. Dalili yake ni mlio mwembamba au mkwaruzo unaobadilika unaposogeza kipanya au kufungua programu, hata wimbo ukiwa umesimama. Kwa kukitoa kigeuzi nje ya kompyuta, kelele hiyo mara nyingi hupungua au huisha.

Tatu, pale vipokea sauti vinapohitaji nguvu kuliko ile inayotolewa na kompyuta. Vipokea sauti vya kawaida vina ukinzani wa takriban omu 16 hadi 32 na havina tatizo. Vile vya studio vyenye omu 250 au 300 huweza kusikika hafifu hata sauti ikiongezwa hadi mwisho. Kigeuzi chenye kikuza sauti ndani yake kitasaidia.

Mahali kisiposaidia

Watu wengi husikiliza muziki kwa spika ya bluetooth, au kwa sabufa inayochomekwa flashi moja kwa moja. Katika hali zote mbili, tarakimu hubadilishwa kuwa umeme ndani ya spika au sabufa yenyewe. Kigeuzi kilichochomekwa kwenye kompyuta hakipitiwi na muziki huo hata kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa spika zinazounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB pekee. Mwenye vifaa vya aina hiyo akinunua kigeuzi, anakuwa amelipia kitu ambacho hakitafanya kazi yoyote.

Kigeuzi hakirudishi kilichokwisha kupotea kwenye faili. Muziki wa CD hutumia biti 1,411,200 kwa sekunde. Faili la MP3 lililobanwa hadi biti 128,000 kwa sekunde limebaki na takriban sehemu moja kati ya 11. Ubanaji huo huchagua kwa makini cha kuacha, na kwa usikilizaji wa kawaida unaweza kuridhisha. Lakini wimbo uliobanwa, ukarushwa kutoka simu hadi simu na kubanwa tena, hubeba makovu yake popote uendako. Vivyo hivyo kwa nyimbo za zamani, kama za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga: nakala iliyotokana na kaseti iliyochakaa ina mvumo wa kaseti ndani yake, na kigeuzi bora kitautoa mvumo huo kwa uaminifu uleule kinaoutoa muziki.

Kuna pia mngurumo mzito unaotokana na umeme wa nyumba. Ili kuutambua, chomoa chaja na uiache kompyuta mpakato itumie betri yake. Mngurumo ukikoma, chanzo ni chaja, inveta ya sola au waya wa ardhini usiofungwa vizuri. Waya wa USB unaweza kuubeba mngurumo huo hadi kwenye kigeuzi kipya. Mwite fundi umeme kwanza. Waya wa ardhini wenye hitilafu ni hatari kwa maisha, si kwa muziki tu.

Mwisho, mwenye nia ya kuhifadhi kaseti za kwaya au kaswida kwenye kompyuta ajue kwamba kazi hiyo ni kinyume cha kazi ya kigeuzi tunachokizungumzia. Anahitaji kifaa chenye tundu la kuingiza sauti. Vifaa hivi viwili hufanana kwa umbo, na si vigumu kubeba kisichohusika.

Namna ya kujaribu bila kudanganyika

Sikio hudanganyika kirahisi kwa mambo mawili: matarajio na ukubwa wa sauti. Muziki uliopandishwa sauti kidogo tu huonekana bora, ingawa hakuna kilichobadilika ila ukubwa. Muuzaji anayefungua sauti zaidi kwenye kifaa kipya, kwa kujua au kwa kutojua, anakuwa amekwisha kushinda. Fuata hatua hizi:

1. Njoo dukani na kompyuta yako, vipokea sauti vyako na nyimbo unazozijua vizuri.

2. Sikiliza kwa tundu la kompyuta, kisha kwa kigeuzi. Linganisha ukubwa wa sauti hadi usione tofauti kati ya pande mbili.

3. Geuza uso. Mwombe mwenzako, si muuzaji, arushe sarafu na kuchagua upande kwa kufuata sarafu hiyo. Wimbo uwe uleule, na mwenzako asikuambie kitu.

4. Taja upande unaodhani unausikia. Mwenzako aandike. Rudieni mara 10.

Ukipata majibu 5 au 6 sahihi, hujasikia tofauti. Hata 8 si ushahidi mkubwa: mtu anayebahatisha tu hupata 8 au zaidi takriban mara 5 katika kila mara 100. Ukipata 9 au 10, tofauti huenda ni ya kweli, na hapo ndipo inafaa kujiuliza kama inastahili bei yake. Muuzaji akikataa jaribio hili, nawe una haki ya kukataa kununua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Fedha ianze wapi?

Mwenye kiasi fulani cha kutumia kwa ajili ya muziki wake azingatie mpangilio huu. Atafute kwanza nakala nzuri za nyimbo. Kisha aangalie mahali spika zilipo: spika iliyosukumwa kwenye kona hunguruma kupita kiasi, na kuisogeza hakugharimu kitu. Baada ya hapo afikirie spika au vipokea sauti bora, kwa kuwa tofauti kati ya spika mbili ni kubwa na husikika wazi, ilhali tofauti kati ya vigeuzi viwili vizima mara nyingi haisikiki. Kigeuzi kiwe cha mwisho, isipokuwa kama ipo mojawapo ya sababu tatu zilizotajwa hapo juu.

Kabla na baada ya kulipa

Uliza kama kifaa kinafanya kazi na mfumo wa kompyuta yako. Windows 10 ilianza mwaka 2017 kuvitambua vigeuzi vya kizazi cha pili cha USB bila programu ya nyongeza. Kompyuta za mitumba zenye Windows 7 huhitaji programu ya mtengenezaji, ambayo kwa baadhi ya vifaa haipatikani. Omba kionyeshwe kikifanya kazi kabla hujaondoka dukani.

Dai risiti ya kielektroniki yenye jina la duka, tarehe na aina ya kifaa, na uombe masharti ya dhamana yaandikwe. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha ukiwa umerudi Zirai. Kama umenunua mtandaoni, hifadhi picha ya tangazo na ujumbe wote mliotumiana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa anayoiuza. Kusema kwamba kifaa «kinapendeza» ni maoni. Kusema kwamba kinarudisha ubora wa CD kwenye MP3 iliyobanwa ni dai la ukweli, na dai hilo si sahihi. Kifaa chenye nembo ya kampuni maarufu kwa bei ndogo isiyoaminika huenda ni bandia. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mlaji aliyepotoshwa aanze kwa kumwandikia muuzaji, akiambatisha nakala ya risiti na kubaki na ile halisi. Asiporidhika, awasilishe malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani.

Kwa ufupi, kigeuzi sauti cha nje ni tiba nzuri kwa tundu bovu, kelele za kompyuta au vipokea sauti vizito. Kwa kompyuta nzima yenye sauti safi, usikilipie mpaka masikio yako, bila kuambiwa na mtu, yamekitambua.