Joto la jikoni mwezi wa baridi

Mwezi wa sita umefika, na sisi wa Lubumbashi tunajua maana yake. Ndugu zetu wa Kinshasa hawaamini tukiwaambia kwamba huku asubuhi mtu akisema neno, mvuke unatoka mdomoni. Lakini mji wetu uko juu, karibu mita 1200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Nyumba zetu nazo hazikujengwa kwa kungojea baridi: mabati juu, sima chini, dirisha lisilofunga vizuri.

Kwa hiyo wote tunakimbilia jikoni. Baba anakunywa chai humo, koko anakaa humo na kitenge mabegani, na watoto wanaleta madaftari humo kwa sababu mitihani ya mwisho wa mwaka inaangukia wakati huohuo wa baridi. Sisi walimu tunaona asubuhi ni nani aliyesoma akiwa na vidole vya baridi.

Katika mkutano wetu mama mmoja wa Katuba aliuliza swali. Mtoto wake aliye Ubelgiji alimwonyesha kwa simu mashine ya kupasha joto inayofichwa chini ya kabati za jikoni. Mama akasema: jiko langu ni mita 2 kwa 3, ukuta mmoja una friji, wa pili una etajeri, wa tatu una mlango, wa nne una dirisha; si hiyo ndiyo itanifaa? Swali ni la haki, na wengi wetu tuna jiko la namna hiyo.

Kule Ulaya kabati za jikoni zinasimama juu ya miguu mifupi, na mbele ya miguu hiyo wanafunga ubao wa kuziba uwazi. Uwazi huo una sentimita 10 hadi 15 hivi. Ndani yake wanaingiza kisanduku chenye feni ndogo. Feni inavuta hewa baridi ya chini, inaipitisha penye joto, na kuitoa kwenye miguu ya mtu anayepika. Aina moja inapashwa na maji ya moto yanayozunguka nyumba nzima ndani ya mabomba. Nyingine ni ya umeme tu. Wazo lenyewe tunalisifu: halili ukuta, na joto linaanzia mahali baridi inapouma kwanza.

Kwetu ile ya maji haina njia, maana nyumba zetu hazina mabomba hayo. Inabaki ya umeme. Tufanye hesabu kidogo. Mashine ya wati 2000 kwenye volti 220 inavuta ampea 9, sawa na kuwasha taa 200 za wati 10. Ukiichomeka kwenye ralonji nyembamba ya sokoni, pamoja na friji na reso, waya ndio utakaopata joto kabla ya miguu yako. Tena, saa za jioni, kila mtu akipika, volti zinashuka. Zikifika 160, mashine hiyohiyo inatoa karibu nusu tu ya joto lake. Halafu SNEL inakata, na hapo hata nusu hakuna.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Ulaya halifikirii. Sisi jiko tunaliosha kwa kumwaga maji chini na kuyasukuma nje. Umeme uliowekwa sentimita chache juu ya sima yenye maji, na mtoto anatembea peku: hapana. Mwenye umeme imara na nyaya zilizofungwa na fundi wa kweli, afadhali atafute mashine ya kufunga juu. Pale juu ya mlango, karibu kila jiko dogo lina ukuta mtupu.

Wengine wote tunarudi kwenye mbabula, na hapa ndipo tunaomba msome polepole.

Makala yanayowaka yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye mapafu inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi tunayoihitaji, na damu inabaki bila nafasi ya kubeba uhai. Wengi wanasema: nawasha mbabula nje, moshi ukiisha naingiza ndani. Lakini makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa gesi hiyo, hata yale yaliyofunikwa na majivu meupe. Wengine wanaweka beseni la maji kando yake. Maji hayaikamati.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito, usingizi. Watu wawili au watatu wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, msitafute malaria wala mchawi kwanza. Fungueni mlango, toeni watu wote nje kwenye hewa, kisha mkimbilie kituo cha afya na kueleza kwamba mlikuwa na mbabula ndani. Anayelala asiachwe alale.

Basi tufanyeje? Pika mapema, mlango ukiwa wazi kidogo na dirisha pia. Bukari likiiva, mbabula itoke nje yote, na ndipo mfunge. Kuta za matofali zilizopata joto wakati wa kupika zitawalinda kwa muda. Kabla ya makala kufa, chemsha maji na uyatie kwenye chupa ngumu au bidoni ndogo, yakishapoa kidogo, ufunge vizuri na kuzungushia kitambaa. Kilo moja ya maji inabeba joto karibu mara tano kuliko kilo moja ya tofali, kwa hiyo tofali la moto la bibi zetu lilikuwa zuri, lakini maji yanalishinda. Weka chini ya meza, kwenye miguu ya anayesoma. Mkeka au kipande cha zulia juu ya sima kinasaidia sana, na gunia kuukuu lililokunjwa chini ya mlango pia, mradi hakuna moto ndani.

Mama wa Katuba amebadilisha ombi lake kwa mtoto. Sasa anataka kile kidude kidogo cha ukutani kinacholia kikisikia gesi hiyo. Kinatumia betri.