Michezo ya Shule: Hesabu Isiyojali Kilomita

Timu ya shule ya upili ya Kakuma inayotamani fainali za kitaifa za kandanda hupitia hatua nne kwanza: zoni, kaunti ndogo ya Turkana Magharibi, kaunti, halafu eneo la Bonde la Ufa. Haya yote hubanwa ndani ya wiki chache za muhula wa pili, sambamba na voliboli na netiboli. Ndivyo ilivyo kalenda ya KSSSA, chama kinachosimamia michezo ya shule za upili nchini.

Hatua ya nne ndiyo inayonikera. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, lakini michezo ya shule ingali inafuata mipaka ya mikoa ya zamani. Bonde la Ufa lina kaunti 14, kuanzia Turkana iliyopakana na Sudan Kusini hadi Kajiado iliyopakana na Tanzania. Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120. Lodwar hadi Kitale ni karibu 300 nyingine, kupitia Lokichar na Kainuk, barabara yenye historia ndefu ya mashambulizi ya majangili. Mwenyeji akiwa Kericho au Narok, hapo Kitale safari bado mbichi. Vijana hushuka garini wamechoka, kisha hukutana na wapinzani waliolala kwao.

Na nani hulipa? Tangu 2018 mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa umekadiriwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na michezo ni sehemu ya mgao huo. Kiwango ni kilekile Nakuru na Lokichoggio. Fedha hufuata idadi ya vichwa darasani, kwa hivyo shule ndogo ya mbali hupata kidogo na kutumia kingi.

Kwa mwanafunzi mkimbizi kuna kikwazo kingine. Kutoka eneo la kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, anahitaji kibali cha kusafiri. Kwake hata Lodwar ni safari ya makaratasi.

Vipaji vipo, tena vya hakika. Mwaka 2015 Wakfu wa mwanariadha Tegla Loroupe ulipeleka majaribio ya riadha Kakuma kwenyewe. Wakimbiaji 5 kati ya wanamichezo 10 wa timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio 2016 walitoka huko, na Rose Nathike Lokonyen akabeba bendera ya timu. Walioteua walikwenda walipo wakimbiaji. Hilo ndilo lililofanya tofauti.

Jimbo la Texas, Marekani, nalo ni pana kupindukia. Huko shule hugawanywa katika madaraja sita kwa idadi ya wanafunzi, kisha hupangwa na jirani zake katika wilaya za michezo, na mgawanyo huo hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Timu hucheza msimu mzima na jirani kabla ya mtoano, hivyo kupoteza mechi moja si kufungasha virago.

Turkana inaweza kuanza na ligi mbili za wikendi, moja ya shule za Kakuma, Kalobeyei na Lokichoggio, nyingine ya Lodwar na viunga vyake, mechi zikichezwa alfajiri na jioni kukwepa jua. Bonde la Ufa nalo ligawanywe, Turkana, Pokot Magharibi na Trans Nzoia zichujane Kitale kwanza. Na mgao wa michezo uongezewe nauli, kwa kilomita.