Haya, Zamu na Fumbo: Kuendeleza Mazungumzo na Kijana Mwenye Haya, Mfano wa Mishomoroni, Mombasa

Utangulizi

Uso umeumbwa na haya, walisema wahenga. Methali hii hutumiwa sana kuwaonya vijana wasio na adabu, lakini ni nadra kutazamwa kama kauli inayohusu mazungumzo. Makala haya yanakusudia kufafanua tatizo moja la kila siku: kijana amempenda mwenzake wa rika lake, mwenzake huyo ana haya nyingi, na kila wanapokutana mazungumzo hufa kabla ya kukolea. Mfano unatolewa Mishomoroni, katika eneo la Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Huko majirani wanajuana, na vijana hukutana penye meza ya viazi karai, njiani kutoka madrasa au wakingojea matatu, aghalabu mbele ya masikio ya wakubwa. Hoja kuu ni kwamba haya si adui wa mazungumzo. Kinachoyaua ni aina ya swali linaloulizwa.

Salamu ni mlango, si sebule

Chukulia mvulana na msichana wa kidato cha tatu wamekutana jioni penye meza hiyo ya viazi:

– U mzima?
– Mzima.
– Shule yaendaje?
– Vizuri.
– Jumamosi wafanya nini?
– Niko tu.

Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, katika makala yao ya mwaka 1974, walionyesha kuwa wazungumzaji hupokezana zamu kwa utaratibu, na kwamba anayesema aweza kumteua atakayefuata, kwa mfano kwa kumwuliza swali. Katika mfano wetu msichana ameteuliwa mara tatu, naye amejibu mara tatu. Hakukosa adabu. Tatizo ni kuwa kila jibu linalifunga swali lake, na mzigo wa kuanza upya unamrudia mvulana.

Hata hivyo, salamu hizo hazikuwa bure. Bronislaw Malinowski alieleza mwaka 1923 kuwa yapo mazungumzo ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watu zaidi ya kupashana habari. Mwenye haya huzipenda salamu kwa sababu majibu yake anayajua tangu utotoni. Kosa ni kubaki mlangoni.

Kosa kubwa zaidi hufuata pale mvulana anapokata tamaa na kuuliza, "Mbona husemi?" Swali hili humfanya mwenye haya kuwa ndiye mada. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu adabu katika lugha, walijenga nadharia nzima juu ya dhana ya uso: kila mtu hutaka heshima yake ihifadhiwe na asilazimishwe. Waswahili walikwisha kuliona hilo katika methali iliyotajwa hapo juu. Anayeulizwa mbona hasemi ameguswa usoni, na atazidi kunyamaza.

Kitendawili: kutojua si aibu

Fasihi simulizi ina tanzu zinazompa mwenye haya nafasi ya kusema bila kujianika. Wa kwanza ni kitendawili.

– Kitendawili!
– Tega.
– Kila niendapo ananifuata.
– Sijui.
– Basi nipe mji.
– Chukua Lamu.
– Nimeuchukua. Nimefika Lamu, nimekuta punda wengi kuliko magari, nikapanda mmoja akanirudisha kwao badala ya kwetu. Jibu ni kivuli.

Muundo huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Zamu zimepangwa mapema, kwa hiyo hakuna anayehangaika kutafuta la kusema. Muhimu zaidi, neno "sijui", ambalo katika mfano wa kwanza lingekuwa mwisho, hapa linaendeleza mchezo. Aliyeshindwa ndiye anayetoa mji, na aliyetega analazimika kusafiri huko kwa maneno. Mwenye haya amechagua mahali pa kwenda, na kesho yake aweza kuulizwa kwa nini alichagua Lamu na si Kwale.

Si lazima vijana wa leo wategeane vitendawili kila siku. Kanuni ndiyo ya kuchukuliwa: uliza jambo ambalo kutolijua hakumwaibishi mtu, kisha utoe hadithi yako kabla ya kudai yake.

Leso: kuzungumza kupitia kitu cha tatu

Utanzu wa pili umo mwilini mwa akina mama wapitao njiani. Leso ina pindo, ina mji na ina jina, yaani maneno yaliyochapishwa. Rose Marie Beck, aliyetafiti leso za Mombasa, ameonyesha jinsi maneno hayo yanavyomwezesha mvaaji kupeleka ujumbe huku akiwa na nafasi ya kukana kuwa amesema lolote. Sifa hiyohiyo yaweza kuwafaa vijana wawili wanaoitazama leso hiyo kwa mbali:

– Leso ya yule mama yasemaje?
– Yasema, Akufukuzaye hakwambii toka.
– Waonaje, amwambia nani?
– Labda jirani yake. Au mumewe.
– Mimi naona ni paka wake.

Msichana aliyesema "niko tu" sasa ametoa dhana mbili na pengine kicheko. Hakuulizwa habari zake, ila katika kufasiri maneno ya mtu mwingine ameonyesha namna anavyofikiri. Isitoshe, mzazi akisikia mazungumzo hayo hana la kukemea. Filamu, mechi ya mtaani au shairi la darasani laweza kufanya kazi hiyohiyo. Ujumbe wa simu nao humpa mwenye haya muda wa kupanga jibu, ingawa "Mambo?" na "Poa" za kila asubuhi ni salamu zilezile zilizohamia kwenye kioo.

Kusikia kimya

Mambo mawili yanapaswa kuongezwa. Kwanza, mfano waweza kugeuzwa, kwani wavulana wenye haya ni wengi vilevile. Pili, yanayosemwa hapa ni ya marika. Mtu mzima anayemfuata mwanafunzi kwa maneno matamu hana hifadhi katika makala haya, na sheria ya Kenya humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Linalobaki ndilo zito. Vijana wengi hufundishwa kuwa kimya cha msichana ni ridhaa. Fundisho hili ni la hatari, kwa kuwa vimya havifanani. Kimya cha haya huchelewesha jibu lakini hakilizuii: leo neno moja, kesho mawili, na siku moja mwenye haya mwenyewe huuliza, "Na wewe je?" Swali hilo dogo ndilo dalili ya kutegemewa, maana zamu imerudishwa kwa hiari. Kimya cha kukataa hakirudishi zamu kamwe. Majibu huzidi kufupika, mtu hubadilisha njia ya kupita, na ujumbe husomwa usijibiwe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa salamu hufungua, kitendawili huondoa aibu ya kutojua, na leso huwapa wawili kitu cha kutazama pamoja. Zana zote tatu hufanya kazi kwa sababu Kiswahili cha pwani huruhusu jambo lisemwe bila kutamkwa. Basi anayefurahia ruhusa hiyo anaposema hana budi kuikubali anaposikiliza. Mwenye haya hukataa kwa fumbo kama anavyokubali kwa fumbo, na leso ile iliyowachekesha vijana wawili penye meza ya viazi karai ilikuwa imekwisha kusema: akufukuzaye hakwambii toka. Aliyeielewa huaga kwa heshima, na kesho yake husalimia kama jirani.