Watu Watano Kila Upande: Namna ya Kuanza Mapambano ya Sayari za Mbali Mezani

Anayetaka kuanza mchezo wa vita wa mezani mara nyingi huanzia dukani, na huko ndiko hamu inakofia. Anaona picha za masanduku ya Warhammer, sanamu za plastiki zilizopakwa rangi kwa ustadi mkubwa, anapiga hesabu, kisha anaamua kwamba mambo hayo ni ya watu wa Ulaya. Kwa mkazi wa Makebuko nchini Burundi, au yeyote aliye kati ya Gitega na Muyinga, uamuzi huo unamnyima kitu kizuri bila sababu. Aina ninayoieleza hapa, mapambano madogo ya hadithi za kisayansi, haidai jeshi. Inadai watu watano kila upande, dadu moja kwa kila mchezaji, tepu ya fundi cherehani na meza. Watu hao wanaweza kuwa wa karatasi, na mchezo usipungukiwe na chochote cha maana.

Michezo hii imekuwa ikitumia vitu vya nyumbani tangu zamani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za kuchezea wanajeshi wa bati sakafuni, huku vimizinga vya kuchezea vikirusha vipande vya mbao. Bryan Ansell akatoa Laserburn mwaka 1980, kanuni za wapiganaji wachache wa anga za mbali, na mwaka 1987 Rick Priestley akaandika kitabu cha kwanza cha Warhammer 40,000. Siku zile sanamu za magari ya anga zilikuwa adimu hata Uingereza, na jarida la White Dwarf liliwaonyesha wasomaji namna ya kuunda kifaru kinachoelea kwa kutumia kichupa cha manukato ya kwapani. Mchezo uliozaliwa hivyo hauwezi kumdharau mtu kwa sababu anatumia boksi la sabuni.

Kwa nini watu watano na si hamsini? Katika mchezo wa majeshi makubwa, wanajeshi ishirini husogezwa pamoja kama kitu kimoja, na akifa mmoja hakuna anayeuliza jina lake. Katika mapambano madogo kila sanamu ni mtu. Ana jina, ana kazi, ana mahali alipojificha, na wewe unajua kwa nini umempeleka kwenye mlango ule. Nimeona wachezaji wapya wakishika pumzi kwa ajili ya fundi mmoja wa karatasi aliyebaki peke yake uwanjani.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua sayari za mbali, na hii naitilia mkazo. Nchi yetu iliingia vitani mwaka 1993, na waliovipitia vita vile wako nasi katika kila nyumba. Sishauri mtu yeyote aanze na mchezo unaoiga vita vya hapa. Wapinzani wawe mashine zilizoasi, au mabaharia wa anga wanaogombea shehena. Sare zisifanane na sare ya jeshi lolote, na uwanja usipewe jina la kilima halisi. Ukifanya hivyo, mzee aliyeketi karibu anaweza kutazama, kucheka na kutoa ushauri bila kuguswa kidonda. Hilo ni jambo kubwa ambalo hadithi za kisayansi zinatupa.

Mchezaji wa igisoro, mchezo wetu wa kete na mashimo, tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Amezoea kutazama mbele hatua mbili tatu, na kutoacha kete zake wazi mbele ya mwenzake. Tofauti ni mbili. Kwenye igisoro hakuna bahati: kila kete inaonekana, na hesabu ikiwa sahihi matokeo ni sahihi. Hapa dadu inaingia kati, kwa hiyo unajifunza kupima uwezekano. Tena hakuna mashimo. Umbali unapimwa kwa tepu, na mtu anaweza kusimama popote.

Tuanze na sanamu. Chora mtu kwenye karatasi ngumu, mbele na nyuma, awe na urefu wa sentimita 3 hivi, mkunje juu ya kichwa ili pande mbili zikutane, kisha mgandishe kwenye kifuniko cha chupa ya Primus au Fanta. Kifuniko hicho kina kipenyo cha karibu sentimita 3, kinakaribiana sana na kitako cha milimita 32 kinachouzwa madukani Ulaya, na uzito wake unazuia sanamu isipeperuke mtu akipita. Anayependa udongo wa mfinyanzi autumie, ila ajue kwamba sanamu za udongo huvunjikia kwenye vifundo vya miguu. Mvishe mtu wako joho refu au viatu vinene vya anga, atadumu.

Uwanja uwe na sentimita 90 kwa 90, nao unastahili muda mwingi kuliko sanamu. Aliyekulia kwenye vilima vya Gitega hahitaji kufundishwa mstari wa macho. Ukisimama upande mmoja wa bonde unawaona vizuri wanaolima upande wa pili, lakini humwoni anayechota maji chini, wala aliye nyuma ya migomba. Mezani ni vilevile. Shusha jicho lako hadi usawa wa kichwa cha sanamu: unachokiona ndicho anachokiona. Tandika kitenge juu ya vitabu upate mwinuko. Vigunzi vya mahindi ni nguzo za mtambo, pakiti tupu za vidonge ni paneli za kompyuta, na chupa ya plastiki iliyokatwa ni kuba la kituo. Betri kuukuu ziacheni, zinavuja kemikali na watoto watazishika. Vikwazo vichukue kati ya robo na theluthi ya meza. Kipimo changu ni hiki: pasiwe na njia iliyonyooka ambayo mtu anaweza kuona kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Uwanja mtupu unaua mchezo kuliko kanuni mbaya.

Kanuni zenyewe zinaweza kuanza hivi. Weka kwenye mfuko maharage matano mekundu na matano meupe, kila rangi upande wake. Vuta moja bila kutazama. Mwenye rangi hiyo huchagua mtu wake mmoja ambaye bado hajatenda, ampe matendo mawili. Kila tendo ni kutembea sentimita 15, kupiga, au kufanya kazi kama kufungua mlango na kubeba sanduku. Maharage yakiisha mfukoni, duru imekwisha. Mtu akitolewa mchezoni, punguza harage moja la rangi yake kabla ya duru inayofuata. Huu ni utaratibu bora kuliko kupeana zamu upande mzima kwa upande mzima, kwani hujui kama mwenzako atapata harage moja au matatu mfululizo, na huwezi kuketi kusubiri.

Kupiga: tupa dadu, 4 au zaidi imempata. Mlengwa akiwa nyuma ya kinga punguza 1 kwenye dadu yako. Akiwa mbali zaidi ya sentimita 30 punguza 1 nyingine. Aliyepatwa naye hutupa dadu. Akipata 1 au 2 ametoka. 3 au 4 ameanguka na tendo lake lijalo ni kuinuka. 5 au 6 hakuumia.

Sasa piga hesabu, maana utamu wote uko hapa. Adui yuko mbali na amejibanza nyuma ya ukuta. Unahitaji 6 ili umpate, kisha naye apate 1 au 2: nafasi moja kati ya 18. Ukitumia matendo yako yote mawili kumpiga ukiwa palepale, nafasi ya kumtoa ni kama moja kati ya tisa. Lakini ukitumia tendo la kwanza kutembea hadi ubavuni mwake, pale ambapo ukuta haumkingi na umbali umepungua, pigo moja tu linakupa nafasi moja kati ya sita. Kutembea kisha kupiga mara moja kunashinda kupiga mara mbili. Ila ukifika ubavuni mwake nawe uko wazi, na harage lijalo linaweza kuwa la kwake. Mvutano huo unaendesha mchezo. Ukibadili kanuni baadaye, rudia hesabu hii kila mara, kwani badiliko dogo kwenye namba ya kinga linaweza kuwafanya wachezaji wote wakae nyuma ya kuta hadi jioni.

Kwa sababu hiyohiyo usicheze mchezo wa kumalizana tu. Weka masanduku matatu katikati, mcheze duru sita. Anayetoka na masanduku mengi ameshinda, hata kama amebaki na watu wawili. Mchezo wa namna hii unaisha kama saa moja hivi. Ukianza saa kumi alasiri unamaliza kabla giza halijaingia, hata pasipo na umeme.

Visa vya kuazima haviko mbali. Disemba 26, 1915, mashua mbili ndogo za Kiingereza, Mimi na Toutou, ziliikamata meli ya Wajerumani Kingani kwenye Ziwa Tanganyika, baada ya kuvutwa nchi kavu na kupitishwa milimani Kongo hadi ziwani. Naazima umbo la kisa hicho tu: upande mmoja una mashine moja kubwa inayopaswa kutolewa mara tatu kabla haijazimika, upande wa pili una watu watano wepesi wanaotembea sentimita 20 badala ya 15. Jaribuni, kisha mbadilishane pande. Kama upande mmoja unashinda daima, ongezeni au ondoeni mtu mmoja.

Mkishazoea, zipo kanuni zilizochapishwa zinazoruhusu sanamu yoyote uliyo nayo. Stargrave ya Joseph A. McCullough, ya mwaka 2021, humpa kila mchezaji kundi la watu wasiozidi kumi wakiongozwa na nahodha na msaidizi wake. Asiye na mwenzake atazame Five Parsecs from Home ya Ivan Sørensen, iliyoundwa kwa mchezaji mmoja. One Page Rules wao hutoa kanuni zao za msingi bure, na ukiwa na simu unaweza kuzipakua mjini Gitega ukazisoma nyumbani.

Lakini kabla ya hizo, nunua daftari. Andika majina ya watu wako watano na kazi zao. Mchezo ukiisha, kila aliyetolewa atupiwe dadu: 1 hatarudi tena, 2 anakosa mchezo ujao kwa majeraha, 3 hadi 6 amepona. Aliyebeba sanduku akatoka salama, mpe ujuzi mmoja, mfano kutupa tena dadu moja katika kila mchezo. Asiyerudi msimfute daftarini. Andikeni alitoka katika mchezo gani na alikuwa anafanya nini, na atakayechukua nafasi yake aanze bila ujuzi wowote.